Bibi wa Barawa na Hesabu ya Newham

Machi 2021 Uingereza ilikuwa bado imejifungia ndani kwa ajili ya korona, na dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa akiwajazia watu fomu za sensa kwa simu. Anaishi Newham, mashariki ya London, mwaka wa ishirini sasa. Mtaani kwake kuna Wabarawa, Wasomali, Wakongo na Wabangali, na kila anayepata barua ya serikali asiyoielewa humpigia yeye. Jumapili ya sensa, tarehe 21, alikuwa na kompyuta mapajani na simu mezani, spika imefunguliwa. Upande wa pili alikuwapo bibi wa Kibarawa, miaka sabini na ushei, aliyeingia Uingereza baada ya Somalia kuvunjika. Kibarawa na Kiswahili ni ndugu. Mkivumiliana kidogo mnaelewana.

Jina, likaandikwa. Tarehe ya kuzaliwa, Januari mosi, kama ilivyo kwa nusu ya wakimbizi wa mtaa ule. Dini, watu wangapi nyumbani, nani anafanya kazi. Kisha likaja swali ambalo sensa ya nchi ile haikuwahi kuuliza: je, jinsia unayojitambua nayo ni ile ile uliyoandikishwa ulipozaliwa? Dada akalifasiri kadiri alivyoweza.

“Kuandikishwa na nani?” bibi akauliza.

“Ulipozaliwa, bibi. Waliandika nini?”

“Hakuna aliyeandika. Nimezaliwa nyumbani.”

“Sasa niweke ndiyo au hapana?”

“Weka hapana. Mimi siwezi kusema uongo kwa serikali.”

Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe dada aliposhtuka. “Lakini bibi, wewe si mwanamke?”

“Toba! Nimezaa saba.”

Dada akaweka ndiyo, wakaendelea. Alinisimulia kama kichekesho, tukacheka sote wawili, yeye Newham mimi huku. Nimekumbuka kicheko kile mara nyingi tangu matokeo yalipotoka.

Yalitoka Januari 2023. Katika England na Wales watu 262,000 wenye umri wa miaka 16 na kuendelea, sawa na asilimia 0.5, walijibu kwamba jinsia yao si ile waliyoandikishwa. Karibu nusu ya hao, watu 118,000, walijibu hapana wakaacha nafasi ya maelezo wazi. Sasa tazama ni wapi walikuwa wengi. Ungetegemea Brighton, mji wa pwani ambao kwa miaka umekuwa kimbilio la watu wa namna hiyo. Iliyoongoza nchi nzima ni Newham, asilimia 1.5, ikifuatiwa na Brent, asilimia 1.3, yaani mitaa ya wahamiaji, ya misikiti na makanisa ya Kipentekoste. Mwanasosholojia wa Oxford, Michael Biggs, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kunyoosha kidole: mahali ambapo Kiingereza ni kigumu kwa watu, ndipo “hapana” zilipojaa. Septemba 2024 takwimu zile zikashushwa hadhi, zikawekwa katika fungu la takwimu ambazo bado zinafanyiwa kazi. Waskoti, waliofanya sensa yao 2022, waliuliza kwa maneno mengine kabisa, kama mtu anajihesabu kuwa transijenda au amewahi kuwa, wakapata watu 19,990, asilimia 0.44.

(Transijenda ni neno la magazeti, silipendi wala silichukii. Huku Tanzania wanaharakati wametufundisha kutenganisha jinsi, yaani maumbile, na jinsia, yaani yale ambayo jamii hutarajia uwe kwa sababu ya maumbile hayo. Semina zikiisha, mitaani maneno hayo mawili hurudi kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana dada yangu, msomi wa chuo kikuu, alikwama.)

Sikuanza na bibi wa Barawa ili niseme kwamba hakuna kitu, kwamba yote ni makosa ya fomu. Kitu kipo. Nimeanza naye kwa sababu juzi barazani jirani yangu, mtu mzima na mwalimu mstaafu, alisema kwa uhakika wote kwamba vijana wa Ulaya na Marekani “wameharibiwa na simu”, na kijana mmoja aliyerudi kutoka masomoni Canada akamjibu kwa uhakika ule ule kwamba “walikuwepo siku zote, sasa wamepata uhuru tu”. Wakabishana mpaka adhana ya Isha. Hakuna kati yao aliyeuliza ni nani aliyehesabiwa, na kwa swali gani. Mimi nadhani ukianza hapo, sababu zenyewe zinagawanyika, na kila mmoja wao anabaki na kipande.

Hesabu ambayo haina utata wa lugha ni ya mlango wa kliniki. Kwa zaidi ya miaka thelathini Uingereza ilikuwa na huduma moja ya taifa kwa watoto na vijana wenye taabu ya jinsia, iliyoanzishwa 1989 na baadaye ikahamia katika taasisi ya Tavistock, kaskazini ya London. Mwaka wa 2011/12 waliopewa rufaa kwenda huko hawakufika 250. Mwaka wa 2021/22 walizidi 5,000. Hapo hapana bibi wa kukosea kitufe: nyuma ya kila rufaa kuna mtoto, mzazi, na daktari au mwalimu aliyeandika barua. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha York nao walipekua kumbukumbu za madaktari wa familia wa England, wakachapisha mapema 2025: waliowekewa kumbukumbu ya taabu hiyo walikuwa 0.14 kwa kila watoto 10,000 mwaka 2011, wakawa 4.4 kwa kila 10,000 mwaka 2021.

Isome tena namba hiyo ya mwisho. Imepanda zaidi ya mara thelathini, na bado katika shule ya wanafunzi elfu moja haimpati hata mtoto mmoja. Wakati huo huo, Marekani, uchunguzi wa serikali kwa wanafunzi wa sekondari mwaka 2023 ulikuta asilimia 3.3 wanajiita transijenda, na wengine asilimia 2.2 hawana hakika. Nchi ni mbili na maswali ni mawili, sitaki kuyalinganisha kwa rula. Lakini pengo ni kubwa mno kulipuuza: kijana anayejibu karatasi ya dodoso darasani na kijana anayefikishwa kwa daktari akilia si lazima wawe mtu mmoja. Wa kwanza anaweza kuwa anajaribu jina, kama sisi tulivyojaribu miondoko na mitindo ya nywele. Wa pili ana maumivu. Magazeti huwachanganya, kisha tunagombania sababu ya mchanganyiko.

Chukua kipande cha yule kijana wa Canada kwanza, maana mimi mwenyewe nina ushahidi wake. Mimi ni mtu wa kushoto. Darasa la kwanza mwalimu alinipiga vifundo vya vidole kwa rula, na nyumbani bibi yangu, ambaye hakuwa mkatili hata kidogo, aliufunga mkono ule kwa kipande cha kanga wakati wa kula ili nisitie aibu mbele ya wageni. Leo naandika kwa kulia, vibaya, na kila kitu kingine nafanya kwa kushoto. Sasa ukitazama Marekani, waliozaliwa mwanzoni mwa karne ya ishirini na kusema wanatumia mkono wa kushoto walikuwa asilimia tatu au nne. Waliozaliwa katikati ya karne walifika kama kumi na mbili. Haikuwa ambukizo. Waliacha kufungwa kanga. Wanaosema transijenda wanaongezeka kwa sababu hiyo hiyo wana hoja nzito, na mtu aliyewahi kufungwa mkono hana haki ya kuidharau.

Ila mkono wa kushoto ulichukua nusu karne kupanda. Ongezeko hili lilichukua muongo mmoja. Na mkono wa kushoto haukugeuka njiani. Zamani watoto waliofika katika kliniki hizi wengi walizaliwa wavulana, tena wengi waliletwa wakiwa wadogo sana, miaka mitano, sita, wakikataa suruali na kulilia gauni. Kuanzia kama 2011, si Uingereza tu bali pia Uholanzi na Canada, mizani ikapinduka: theluthi mbili au zaidi wakawa wamezaliwa wasichana, na wengi hawakuonyesha dalili yoyote hadi balehe. Kama ni uhuru peke yake, mbona umewafungulia zaidi wasichana wa miaka kumi na minne na si mama zao? Utafiti wa Taasisi ya Williams ya California uliotoka 2022 ulikadiria asilimia 1.4 ya Wamarekani wa miaka 13 hadi 17 ni transijenda. Kwa waliopita 65 ni asilimia 0.3. Unaweza kujibu kwamba mzee ana ndoa, ana wajukuu, ameshazoea kubeba mzigo wake kimya kimya. Ni kweli pia. Lakini jibu hilo linatosha kwa wazee, haliwaelezi wasichana.

Kwa hiyo tumpe jirani yangu mwalimu zamu yake na simu yake. Mwaka 2018 daktari wa Marekani, Lisa Littman, alichapisha utafiti uliodai kwamba baadhi ya wasichana wanapata hali hii ghafla, kwa vikundi, marafiki mmoja baada ya mwingine, wakiwa wametopea kwenye mitandao. Utafiti ule ulizua kelele ambazo hazijanyamaza. Ukiufungua unakuta majibu 256, yote ya wazazi, na wazazi wenyewe walipatikana kupitia tovuti ambazo tayari zilikuwa na shaka na jambo hili. Mtoto hata mmoja hakuulizwa. Mwaka uliofuata jarida likachapisha marekebisho kueleza mipaka hiyo. Ukitaka kujua kwa nini vijana wanacheza ngoma fulani, ukaenda kuwauliza majirani waliokasirishwa na kelele, utapata kitu, lakini utakuwa umepata hasira ya majirani.

Hata hivyo sisemi simu haina mkono. Namna inavyofanya kazi ndiyo naona tofauti na mwalimu. Fikiria neno usonji. Nilipokuwa mdogo mtaani kwetu hapakuwa na mtoto mwenye usonji hata mmoja. Alikuwepo mtoto aliyekaa peke yake akizungusha kifuniko cha soda kutwa nzima, akipiga kelele ukimgusa, na watu walisema ana shetani, mama yake akampeleka kwa waganga mpaka akauza cherehani. Neno lilipofika, kwa redio, kwa shule moja moja za mjini, watoto wenye usonji “waliongezeka”. Hakuna aliyewapulizia. Neno huwakusanya watu waliokuwa wametawanyika chini ya majina mengine. Na neno hilo hilo, likishakuwa jepesi mdomoni, huanza kuwachukua na wasiokuwa wake. Siku hizi kila mtoto mkaidi mjini anasemwa ana usonji, na kila mtu mwenye huzuni ya wiki moja anasema ana sonona.

Mtandao ulileta neno. Kabla ya Tumblr na YouTube, msichana wa kijiji cha Yorkshire aliyeuchukia mwili wake hakuwa na mahali pa kulipata. Halafu neno likatoka mtandaoni likaingia sebuleni: 2014 jarida la Time likamweka mwigizaji transijenda Laverne Cox kwenye jalada, Novemba ya mwaka huo televisheni ya watoto ya BBC ikaonyesha filamu ya kijana transijenda, Leo, kiangazi cha 2015 Caitlyn Jenner, naye transijenda, akawa kwenye kila kibanda cha magazeti. Kati ya mwaka wa 2014/15 na wa 2015/16 rufaa za Tavistock zilizidi maradufu. Jalada la gazeti haliwezi kubadili jinsia ya mtu. Linaweza kumfanya mtu aliyekuwa na taabu isiyo na jina aseme, kumbe ni hili. Kwa mwingine ni hili kweli. Kwa mwingine ndilo jina la karibu kuliko yote aliyoyapata, na kuishi na jina lisilo sahihi wakati mwingine ni afadhali kuliko kuishi bila jina. Kutoka nje huwezi kuwatenganisha. Mwalimu wangu hawezi, kijana wa Canada hawezi, wala mimi.

Hao wasichana, kumbe, hawakufika na taabu moja. Daktari wa Finland, Riittakerttu Kaltiala, na wenzake waliandika 2015 juu ya vijana 47 wa kwanza waliopita mikononi mwao: 41 walizaliwa wasichana, na robo tatu ya vijana wote walikuwa wametibiwa au wanaendelea kutibiwa afya ya akili kwa mambo mengine. Sonona, wasiwasi, kujikata. Usonji nao umejitokeza tena na tena: wachunguzi wa Cambridge, waliotumia taarifa za watu zaidi ya 600,000, walikuta mwaka 2020 kwamba watu wasiojitambua na jinsi waliyozaliwa nayo wana uwezekano mara tatu hadi sita zaidi wa kuwa na usonji. Na hapo hapo pembeni, bila transijenda kutajwa popote, vijana wa England walikuwa wakizama. Mwaka 2017 kijana mmoja kati ya kumi wa miaka 17 hadi 19 alionekana kuwa na tatizo la afya ya akili; 2022 alikuwa mmoja kati ya wanne. Wasichana ndio walioumia zaidi.

Kama ningekuwa mhariri, ningelazimisha kila makala ya jambo hili ianzie hapa. Katika muongo ule ule, katika nchi zile zile, watoto wa kike walianza kuichukia miili yao kwa njia kumi. Walijinyima chakula, walijichana mapaja kwa wembe, walijifungia chumbani. Mmojawapo wa milango waliyoigonga ulikuwa na kibao cha jinsia. Je, walioubisha ule walikuwa wagonjwa wa balehe waliovaa neno la jinsia, au walikuwa transijenda walioumwa sonona kwa sababu dunia iliwabana? Walio upande wa kwanza hutaja usonji na wembe. Walio upande wa pili hutaja matusi ya shuleni na baba aliyefukuza mtoto. Ninavyoona mimi, wote wawili wamo kwenye foleni moja, pengine wakati mwingine ndani ya mtoto mmoja, na ndiyo sababu foleni yenyewe ilihitaji watu wa kukaa na kusikiliza.

Badala yake mlango ulikuwa na dawa. Historia yake ni ya Uholanzi. Huko, miaka ya tisini, madaktari walianza kuwapa vijana wachache sindano za kusitisha balehe ili wapate muda wa kufikiri kabla mwili haujabadilika. Waliwachagua kwa makini: taabu iwe imeanza utotoni, kusiwe na ugonjwa mwingine mkubwa wa akili, familia iwe nyuma ya mtoto. Ripoti yao mashuhuri ya 2011 ilihusu vijana 70. Dawa ikasafiri, masharti yakabaki uwanja wa ndege. Tavistock walianza majaribio yao 2011 kwa watoto 44 wa miaka 12 hadi 15, na matokeo waliyachapisha baada ya miaka kumi, wakati huduma tayari ilikuwa imeshawapa wengine wengi. Kati ya 44, 43 waliendelea hadi homoni za jinsia nyingine. Ukitaka, sema walichaguliwa vyema. Ukitaka, sema dawa iliyopaswa kuwa kituo cha kupumzika iligeuka kuwa reli. Idadi ile ile inabeba tafsiri zote mbili, na hakukuwa na kundi la kulinganisha.

Aliyeitwa kuamua ugomvi ni Hilary Cass, daktari wa watoto, aliyewahi kuwa rais wa chuo cha kifalme cha madaktari wa watoto. Alianza 2020, akamaliza Aprili 2024 kwa ripoti ya kurasa 388. Juu ya sababu za ongezeko alisema kitu kisichowafurahisha barazani: kwamba hakuna moja. Maumbile yamo, nyakati zimo, marafiki na mtandao vimo, afya ya akili imo, na kukubalika kwa jamii kumo lakini peke yake hakuelezi kasi ile wala kupinduka kwa mizani kutoka wavulana kwenda wasichana. Juu ya dawa alisema ushahidi ni dhaifu. Serikali ikazipiga sindano za kusitisha balehe marufuku ya muda Mei 2024, ikaifanya ya muda usiojulikana Desemba. Wapo wasomi wa Marekani, wakiwamo wa Yale, waliomshambulia kwa kusema alipandisha kipimo cha ushahidi juu kuliko kinavyopandishwa kwa tiba nyingine za watoto. Hoja yao si ya kutupwa. Dawa nyingi anazopewa mtoto hospitalini hazikujaribiwa kwa watoto. Lakini nyingi kati ya hizo hazigusi uwezo wake wa kuzaa kabla hajajua kama anautaka.

Huku kwetu habari hizi zinapofika, hufika zimekaushwa: “mambo ya Wazungu.” Lakini mwanaanthropolojia wa Norway, Unni Wikan, alikaa Sohar, Oman, katikati ya miaka ya sabini, akaandika 1977 juu ya wanaume walioishi na kuvaa baina ya mwanamume na mwanamke, wakiingia kwa wanawake bila kuzuiwa, akakadiria walikuwa kama mmoja kwa kila wanaume hamsini mjini pale. Jina waliloitwa huko limo katika Kiswahili. Ni hanithi, na kwetu limebaki tusi. Hakukuwa na simu za mkononi Sohar. Wala hiyo haithibitishi kwamba msichana wa Leeds wa 2019 ni kitu kile kile. Hao walizaliwa wavulana, katika mji uliowapa nafasi yenye mipaka yake. Nakumbusha tu kwamba kutojua hesabu yetu si sawa na kuwa sifuri.

Kenya walithubutu kuhesabu jambo la jirani. Sensa ya 2019 iliwaorodhesha mahuntha, watu waliozaliwa na maumbile ambayo si ya kike wala ya kiume moja kwa moja, wakapatikana 1,524 kati ya watu milioni 47 na zaidi. Mahuntha si transijenda, ingawa redio zetu huwachanganya kila wiki. Lakini nani atakayeamini ile 1,524? Karani anagonga, baba anafungua, na mtoto aliyefichwa tangu kuzaliwa anabaki chumba cha nyuma. Naye Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, aliyekwenda Mahakama Kuu ya Nairobi ili cheti chake cha kidato cha nne (KCSE) kibadilishwe jina na akashinda Oktoba 2014, alihesabika kwa sababu alipigana. Kiswahili hakimwiti yeyote kwa kiume wala kwa kike. Yeye ni yeye, alikuja, amekwenda. Watu wa nje hudhani hiyo ni dalili ya upole wetu. Harusini lakini kuna mlango wa wanawake na mlango wa wanaume, na asiyejulikana aingie wapi hurudi nyumbani.

Jirani yangu mwalimu aliniuliza, sasa wewe unasemaje, maana umesoma sana. Nilimwambia kwamba ningekuwa na binti wa miaka kumi na minne akaniambia jambo hilo, takwimu zote nilizozitaja hapa zisingenisaidia kujua yeye ni yupi. Zingenisaidia kutoogopa upesi na kutokubali upesi. Ningemtafuta mtu mzima mwenye kazi hiyo, asiye na haraka ya kumpa dawa wala ya kumwombea pepo, akae naye miezi. Akasema, huko kwao si wanao? Wana pesa.

Nikamweleza foleni. Wakaguzi wa afya walipoitembelea Tavistock mwishoni mwa 2020 walikuta zaidi ya watoto 4,600 wanangoja, baadhi yao zaidi ya miaka miwili kabla ya kuonwa mara ya kwanza. Wakaipa alama ya chini kabisa. Huduma ikafungwa Machi 2024, vituo vipya vikafunguliwa London na kaskazini-magharibi, na orodha ikahamishwa jinsi ilivyo, ndefu zaidi. Mtoto anaandikwa akiwa na kumi na tano na nusu. Kila mwezi mwili wake unafanya kile alichoomba asaidiwe kukifikiria. Usiku yuko na simu, kwa sababu simu ndiyo inayomjibu. Siku jina lake linapokaribia mbele ametimiza kumi na minane, na barua inayomfikia inamweleza kuwa hii ilikuwa foleni ya watoto.

“Sasa anakwenda wapi?” mwalimu akauliza.

Ya watu wazima, nikamwambia. Huko pia anangoja.